Kuzaa Uvira: Fedha Kidogo, Nani wa Kumlipa?

Mimba ikifika mwezi wa saba, nyumba nyingi za Uvira, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, huanza kupiga hesabu. Sabuni, vitenge viwili, nguo za mtoto, beseni, fedha ya materniti, fedha ya motari endapo uchungu utaanza usiku. Jambo moja huwa haliandikwi: nani atakaa na mama tangu uchungu wa kwanza, na nani atakuwa naye nyumbani wiki sita zinazofuata. Nafasi hiyo huachiwa yeyote atakayekuwepo siku hiyo. Mara ni mdogo wake wa miaka 15, anayeogopa kuliko mzazi mwenyewe. Mara ni mama mkwe ambaye hawajasemezana vizuri tangu siku za mahari.

Kwingineko nafasi hiyo ni kazi inayolipwa. Wenye ndugu waliohamia Marekani huenda wameshasikia habari za dula: mwanamke aliyefundishwa kukaa na mzazi wakati wa uchungu, kumtuliza, kumsugua mgongo, kumsaidia kuuliza maswali kwa daktari, kisha kumtembelea nyumbani baada ya kujifungua. Hapimi njia, hachomi sindano, hapokei mtoto. Huko familia ikimlipa kwa mfuko wake, mara nyingi inatoa zaidi ya dola 1,000, ingawa majimbo ya Minnesota na Oregon yalitangulia kuweka utaratibu wa bima ya serikali kuwalipia akina mama wa kipato kidogo. Uvira sijaona kibao cha kazi hiyo kwenye mlango wowote. Kazi yenyewe lakini ipo. Imegawanywa kati ya bibi mkunga, dada, mama mkwe, jirani na ndugu anayelala hospitalini, na kila mmoja wao ana bei yake, hata yule anayesemekana ni wa bure. Makala hii inazipima bei hizo, na inajaribu kusema fedha kidogo iliyopo iende kwa nani.

Bei inayodanganya

Bei inayoonekana ndogo kuliko zote ni ya kuzalia nyumbani kwa mkunga wa kienyeji. Anakufahamu, yuko jirani, anapokea kitenge, kuku au sabuni, na deni lake linaweza kungoja mavuno. Sitaki kumdharau. Mabibi hawa wamepokea watoto wa bonde la Ruzizi na wa mwambao wa Fizi kizazi baada ya kizazi, na mashirika ya Umoja wa Mataifa yenyewe yalitumia miaka ya 1970 na 1980 kuhimiza wafundishwe na kupewa vifaa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 msimamo ulikuwa umegeuka, kwa sababu mafunzo yale hayakupunguza vifo vya akina mama kama ilivyotarajiwa.

Tatizo halikuwa uzembe wa mabibi. Mama akivuja damu baada ya kuzaa, kinachomwokoa ni dawa ya oksitosini iliyotunzwa kwenye baridi, mikono yenye ujuzi, damu ya kuongezewa, na mara nyingine chumba cha upasuaji. Hakuna hata kimoja kinachoingia kwenye mfuko wa bibi, na mama mwenye afya njema anaweza kufa kwa damu hiyo ndani ya saa chache. Utafiti wa kitaifa wa 2013-2014 ulikadiria kwamba Kongo ilipoteza akina mama 846 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai.

Daktari Denis Mukwege alijifunza jambo hili milimani juu ya bonde letu hili. Alianza kazi hospitali ya Lemera mwaka 1983 akikusudia kuwa daktari wa watoto. Alichokuta ni wanawake wanaofika wamechelewa, wamebebwa kutoka vijijini, damu imekwisha au mtoto ameshafia tumboni. Hao ndio waliomgeuza nia akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake.

Kwa hiyo bei ya nyumbani iandikwe kamili. Kitenge na sabuni, halafu motari wa saa nane usiku kwa bei atakayoitaja yeye, halafu bili ya dharura ya hospitali kuu ya rufaa, ambayo haijadiliwi wakati mtu anavuja damu. Ongeza na barabara. Mvua ikishuka milimani, mto unaweza kukugawia mji vipande viwili. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Ziwa nalo limepanda mara kadhaa miaka hii na kuzamisha nyumba za ufukweni. Aliye ng'ambo ya maji saa hiyo hana materniti hata kama ana fedha mkononi.

Hukumu yangu juu ya chaguo hili ni fupi: usilinunue. Bibi mwenyewe anafaa kulipwa, ila kwa kazi nyingine nitakayoifikia.

Bili ya materniti, mstari kwa mstari

Kituo cha afya cha mtaani huzalisha mimba zisizo na shida. Kupasuliwa ni kazi ya hospitali, na mama akishindwa kuzaa kituoni hupewa karatasi ya rufaa. Kliniki za watu binafsi ziko katikati: chumba kizuri zaidi, foleni fupi, bili ndefu. Kabla ya kuvutiwa na mapazia ya kliniki, uliza swali moja: usiku wa Jumapili, mama akihitaji kupasuliwa, nani anampasua na wapi? Ikiwa jibu ni kwamba watampeleka hospitali kuu, basi ujue unalipia mapazia, na dharura utailipia tena mahali pengine.

Bei wanayokutajia dirishani mara nyingi ni ya kuzalisha peke yake. Bili inayotolewa siku ya kuondoka ina watoto wengi: fishi, glavu, sindano, uzi kama mama alichanika, dawa, kitanda kwa kila usiku, karatasi ya kuzaliwa kwa mtoto. Nenda wakati wa kupima mimba, mwezi wa sita au wa saba, uombe utajiwe kila mstari, na uandike kwenye karatasi mbele ya anayekutajia. Uliza pia kama kituo hicho kimo katika mpango wa serikali wa kuzaa bila malipo. Mpango huo ulizinduliwa Kinshasa Septemba 2023, na nia ikawa kuueneza mikoani hatua kwa hatua. Kutangazwa redioni ni jambo moja, na kituo cha mtaa wako kulipwa na mfuko wa serikali ni jambo lingine. Muulize mkuu wa kituo hasa kipi kinalipwa: kuzaa kwa kawaida tu, au na kupasuliwa pia, na dawa je, na mtoto mchanga akiugua je?

Swali hili si la kujisumbua bure. Katika nchi yetu mama anaweza kumaliza kuzaa salama akazuiliwa wodini kwa sababu ya bili, siku zikaongezeka na kitanda kikaendelea kuhesabiwa. Familia ambayo iliandika mistari ya bili mapema, na kuweka akiba kwenye likelemba au kwenye kikundi cha akiba na mikopo cha AVEC, inaikwepa aibu hiyo kwa urahisi zaidi.

Kuna bili nyingine ambayo haipitii kwa mhasibu kamwe. Hospitali zetu hazimpikii mgonjwa wala hazimfulii. Yule ndugu anayelala naye, ambaye kila mtu anamwita gardemalade, ndiye anayebeba chakula, anayetafuta maji bomba la Regideso likikauka, anayekimbilia famasia na karatasi ya dawa. Yeye naye anakula, anapanda pikipiki kwenda na kurudi, na nyumbani kwake kuna kazi iliyosimama. Siku mbili za materniti ni siku mbili za watu wawili. Wengi hupanga bajeti ya mmoja.

Nani amshike mkono

Hapa ndipo penye faida kubwa kwa gharama ndogo, na ndipo watu wanapopuuza.

Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, shirika linalochambua tafiti za afya, yalikusanya tafiti 26 zenye wanawake zaidi ya 15,000 kutoka nchi 17. Wanawake waliokuwa na mtu pembeni yao muda wote wa uchungu walizaa kwa njia ya kawaida zaidi, wakapasuliwa mara chache zaidi, na muda wa uchungu wao ukapungua kwa wastani wa dakika 40 hivi. Watoto waliozaliwa wakiwa wamechoka sana walikuwa wachache zaidi. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mama awe na msindikizaji aliyemchagua mwenyewe. Dawa haimo humu, wala mashine. Ni mtu anayekaa.

Mfano wa karibu nasi uko ng'ambo ya ziwa hilihili. Mkoani Kigoma, kati ya 2016 na 2018, vituo 9 vya serikali vilijaribu kuruhusu wasindikizaji kwenye chumba cha kuzalia. Mama aliweza kuja na ndugu au rafiki aliyemtaka, na kwa asiye na mtu kulikuwa na wanawake wa jirani walio tayari kuitwa. Zaidi ya akina mama 80 kati ya 100 waliozalia hapo walikuwa na msindikizaji, na karibu wote waliohojiwa walisema wameridhika sana. Naona mfano huu unatufaa kuliko wa Minnesota. Kigoma wana wodi za vitanda vingi kama zetu, wakunga wachache kama wetu, na wazazi wanaokuja na beseni kichwani.

Tulinganishe basi dada na mwanamke wa kukodi.

Dada, shangazi au mama mzazi hadai mshahara. Lakini akitoka Mboko au Baraka kuna nauli ya kwenda na kurudi, kuna wiki ambazo shamba lake linangoja, na kuna chakula chake, kwa sababu mgeni wa uzazi hawezi kula mabaki. Faida yake ni mapenzi. Tafiti zilezile zinaonyesha kwamba mama hufurahia zaidi akisindikizwa na mtu wake. Hasara yake ni woga. Anaona mtu wake analia, naye analia. Au anakuja na madeni ya ukoo: nani alimwoa nani, kwa nini mtoto wa kwanza hakupewa jina la babu. Chumba cha kuzalia kinahitaji mtu mmoja asiye na kesi.

Mwanamke wa kukodi, yule mama wa mtaani aliyezaa mara kadhaa, mtulivu, anayejulikana materniti na anayesalimiana na wakunga, hana kesi. Tafiti zinaonyesha pia kwamba upungufu wa kupasuliwa ulikuwa mkubwa zaidi pale msindikizaji alipokuwa mtu wa nje, asiye ndugu wala mfanyakazi wa hospitali. Huyu ndiye dula wetu, hata kama hana cheti. Na hapa ndipo ninapomrudia bibi mkunga wa kienyeji: wengi wao wana mikono ya kutuliza ambayo hakuna shule iliyoifundisha. Mlipe akusindikize kituoni. Kaunti ya Bungoma, Kenya, iliwahi kwenda njia hii, ikawageuza wakunga wa kienyeji kuwa wasindikizaji wa akina mama hadi hospitalini. Bibi anabaki na heshima yake na kipato chake, na mtoto anapokelewa na mwenye sindano ya kuzuia damu.

Kabla ya kumlipa, mweleze kazi waziwazi. Aje uchungu ukianza, asingoje kuitwa mara ya tatu. Amtembeze mama, amsugue kiuno, ampe maji na chai kidogo kidogo, amkumbushe kukojoa, amfute jasho, asali naye kama wote wanasali. Amwite mkunga mama akianza kusikia haja ya kusukuma au damu ikitoka nyingi. Asimwambie asukume kwa amri yake mwenyewe. Asimkandamize tumbo ili mtoto ashuke. Zaidi ya yote asilete dawa za miti za kuongeza uchungu, hata kikombe kimoja. Dawa hizo hukaza kizazi bila kipimo, na kizazi kilichokazwa hivyo kinaweza kupasuka. Akikubali yote isipokuwa hili la mwisho, tafuta mwingine.

Uliza na materniti kama wanaruhusu mtu kuingia chumba cha kuzalia. Vituo vingine humwacha gardemalade mlangoni kwa sababu vitanda viko pamoja na mapazia hakuna. Kwa wodi ya namna hiyo mume hataingia, na ni haki, kwa maana wazazi wengine nao wana aibu yao. Mwanamke mmoja mwenye kitenge safi mara nyingi anakubaliwa, hasa akiwa ametambulishwa siku za kupima mimba. Msindikizaji ambaye atabaki nje ya mlango usimlipe bei ya msindikizaji. Huyo mlipe ya gardemalade.

Na mume? Kazi yake iko nje ya mlango nayo ni nzito: fedha tayari, namba za motari wawili, kadi ya mimba, na ndugu wa kutoa damu ikihitajika.

Wiki sita ambazo hazina bili

Ikiwa una fedha ya jambo moja tu zaidi ya materniti, mimi nakuambia ilipie siku za baada ya kuzaa. Najua wengi wataanza na siku yenyewe, kwa kuwa ndiyo yenye hofu. Lakini siku ya uzazi watu hujitokeza wenyewe. Siku ya tisa hawapo. Wageni walishakuja, walikula, walimbariki mtoto, waliondoka na vyombo vimebaki. Maji yanangoja kubebwa, watoto wakubwa wanangoja kula, na mama anayeuza ndagala Kalundu anaona mtaji unaisha kwenye makaa na sukari.

Kitu unachokilipia hapa ni rahisi kukieleza: saa tatu au nne kwa siku za mwanamke anayejua kazi. Asubuhi anabeba maji na kuyachemsha au kuyatia dawa, jambo lisilo la hiari katika mji ambao kipindupindu kimefanya makazi. Anafua nepi, anapika sombe na ndagala na uji, anamwogesha mtoto. Anamshikia mtoto ili mama alale. Anamsaidia kumnyonyesha: mtoto ashike na sehemu nyeusi ya titi, si chuchu peke yake, na maziwa ya kwanza ya manjano yasikamuliwe na kumwagwa. Maziwa ya mama pekee yanatosha kwa miezi sita, bila maji wala chai. Hapo mama amebakiza fedha nyingi, maana kopo la maziwa ya unga ni mkopo usiokwisha, na maji ya kuyakoroga ni hatari nyingine.

Mila za mzazi nyingi ni nzuri na zinafaa kulipiwa: kupumzishwa, kulishwa vizuri, kukandwa mgongo. Chache zinahitaji mtu wa kusema hapana. Kukaa juu ya beseni la maji yanayochemka kumeunguza wanawake mahali ambapo hata daktari wanaona haya kumwonyesha. Maji ya vuguvugu yanatosha. Kitovu cha mtoto kiachwe kikavu na safi, bila majivu wala mafuta. Mama mkwe akishika kopo la majivu, mke wa mwanawe hawezi kumzuia, lakini mama wa kukodi mwenye umri kama wake anaweza, kwa kucheka na kwa adabu. Hiyo peke yake ina thamani ya nusu ya malipo yake.

Anahitaji pia kujua lini kazi yake imekwisha na ya hospitali imeanza. Damu inayolowesha kitambaa baada ya kitambaa. Homa. Kichwa kinachouma sana huku macho yakiona giza, au mwili kukakamaa. Mguu mmoja kuvimba na kuuma. Mtoto asiyenyonya, anayehema mbio, aliye baridi au moto kupita kiasi, au ambaye kitovu chake kinanuka na kuzungukwa na wekundu. Yoyote kati ya haya, wanaondoka saa hiyohiyo bila kungoja baba arudi kutoka kazini.

Jambo jingine halisemwi sana huku kwetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke 1 kati ya 5 hupatwa na maradhi ya nafsi baada ya kujifungua, hasa huzuni nzito. Anakaa amegeukia ukuta, hali, hataki kumgusa mtoto, au anasema afadhali afe. Mtaani wanasema ana kiburi au amelogwa. Hapa Uvira, ambako watu wamekimbia nyumba zao na kurudi mara ngapi sijui, haishangazi. Mwanamke anayeingia nyumbani kila asubuhi ndiye wa kwanza kuliona, kabla ya mume.

Mwisho kuna tarehe. Mapendekezo ya sasa ni mama na mtoto wabaki kituoni saa 24 za kwanza, kisha waonwe tena siku ya pili au ya tatu, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita. Mtoto anapata BCG na polio anapozaliwa, kisha chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kuandikisha kuzaliwa kwake kwenye ofisi ya serikali ni bure ndani ya siku 90. Zikipita, mlolongo na gharama vinaanza. Msindikizaji mzuri ana tarehe hizi kichwani au kwenye simu yake.

Dola 100 zikigawanywa

Nitumie namba za mfano tu, kwa sababu bei hubadilika kutoka kituo hadi kituo na franka haikai mahali pamoja. Weka zako.

Tuseme nyumba ina dola 100 kwa uzazi wote. Familia ya kwanza inazalia nyumbani: 15 kwa bibi, 25 kwa nguo na sabuni, 60 zinabaki na kila mtu anapongezwa. Wameweka dau kwamba hakutakuwa na damu, na wakishindwa dau hilo, 60 hazitoshi na usiku umekwenda. Familia ya pili inachukua kliniki ya 75, inatoa 25 kwa nguo mpya za mtoto na soda za wageni. Siku ya nne mama anabeba ndoo. Familia ya tatu inazalia kituoni kwa 35, inaweka 10 za motari ndani ya bahasha isiyoguswa, 10 za chakula cha mama na gardemalade, 15 kwa sabuni na nguo zilizoazimwa kwa dada. Zimebaki 30. Kati ya hizo 8 zinaenda kwa mama msindikizaji wa siku ya uchungu, na 22 zinamlipa huyohuyo aje kila asubuhi kwa wiki mbili au tatu.

Ningekuwa wa familia ya tatu. Wa pili wametumia fedha ileile, ila wameinunulia siku moja.

Malipo yenyewe yagawanywe. Sehemu ya kwanza siku ya kukubaliana, mbele ya mtu wa tatu. Sehemu ya pili mama akitoka materniti. Sehemu ya mwisho siku atakapompeleka mtoto chanjo ya wiki ya sita, kadi ikiwa imejazwa. Kwa njia hiyo unalipia kazi mpaka mwisho wake, naye anajua fedha iko wapi. Kama nyumba haina hata hizo 30, kuna mlango mwingine: vikundi vingi vya AVEC vina sanduku la jamii kwa ajili ya misiba na magonjwa. Sanduku linalochangia jeneza linaweza kuchangia pia wiki mbili za msaidizi kwa kila mwanachama anayejifungua. Lipeleke jambo hilo kwenye mkutano, likubaliwe kwa kura, liandikwe.

Watu huuliza habari za kuvuka. Bujumbura haifiki kilomita 30, na Burundi ilifuta malipo ya kuzaa na ya matibabu ya watoto chini ya miaka mitano katika vituo vyake vya serikali tangu 2006. Sera hiyo iliwekwa kwa wananchi wao. Mkongomani aulize kwanza atalipishwa vipi, ahesabu karatasi za mpakani, nauli, na gardemalade wa kuishi mji wa kigeni. Mpaka wa Kavimvira nao si wa kuwekea mpango wa mwezi wa tisa. Desemba 2025 wapiganaji wa M23 walipoingia Uvira, makumi ya maelfu walikimbilia Burundi na njia za kawaida zikakatika. Bukavu, kwenye hospitali ya Panzi, ni zaidi ya kilomita 100 kupitia Kamanyola, na mji huo uliingia mikononi mwa M23 tangu Februari 2025. Mwenye mimba ya hatari, kama aliyepasuliwa zamani, mwenye mapacha au presha, aulize mapema daktari wa hospitali kuu wapi pa kuzalia, na asogee karibu na hospitali wiki mbili kabla. Kwa wengine wote, kituo kizuri cha karibu kinashinda hospitali kubwa ya mbali.

Ukiwa na mimba ya miezi sita sasa, fanya mambo matatu kabla ya mwezi kwisha. Omba bili ya materniti mstari kwa mstari. Uliza kama msindikizaji anaingia ndani. Kisha nenda kwa yule mama wa mtaani uliyekuwa ukimfikiria tangu mwanzo wa makala hii, mkubaliane kazi, bei na siku za kulipa.